Majengo Arobaini na Moja

6 Januari

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka hapa nyumbani. Sisi tunaendelea. Mguu wa mama yako umetulia, ila bado anaupandisha juu ya kigoda kila akikaa ili nisisahau kwamba unamuuma. Wewe hujambo? Unakula? Mama yako ndiye anayeuliza, mimi najua hupiki.

Barua hii nampa dereva wa lori la saruji, yule mwenye kicheko kikubwa, maana huja huko kupakia mzigo kila baada ya siku tisa au kumi. Ulisema nipige simu. Mwanangu, masikio haya yameliwa na mashine ya kuchanganyia zege. Ukinieleza jambo kwenye simu nasikia nusu, nusu nyingine naijaza mwenyewe, halafu tunagombana bure. Wewe andika.

Sasa sababu ya barua. Ile wodi ya wazazi ninayoijenga pale zahanati imefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Wiki iliyopita alikuja mkaguzi, mtu wa viatu safi. Akauliza kibao cha mkandarasi kiko wapi. Nikamwambia mkandarasi ndiye huyu unayeongea naye, kibao sina. Hakucheka. Alikuwa na karatasi nyekundu ya kubandika mlangoni, na mlango wenyewe bado ni tundu tu, ikabidi aibandike kwenye tofali. Inasema kazi isimame, kwa sababu asiye na leseni ya ukandarasi haruhusiwi kusimamia jengo lolote. Kamati ya zahanati wamenipa hadi mwisho wa Aprili. Baada ya hapo watatafuta mwenye leseni.

Sheria hiyo ipo tangu zamani. Nilikuwa naisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Ofisi ya Bodi ya Makandarasi iko huko huko mjini kwako, nenda ukaniulizie wanataka nini. Wewe ndiye mwenye kalamu katika nyumba hii.

Nina miaka hamsini na nane. Nataka kuimaliza wodi ile kwa jina langu.

Ni mimi,
Baba yako


17 Januari

Baba yangu,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake, mwambie nakula, na ninapika pia, ingawa majirani wanaweza kuwa na maoni yao. Mimi ni mzima.

Nimekwenda Bodi. Iko ghorofa ya tatu. Nilipokuwa napanda nilijikwaa kwenye kidato cha tano cha ngazi, kimezidi vingine kama nusu ya kidole, nikasikia sauti yako kabisa: "Hapa fundi alikuwa anaongea na mtu." Ofisi yenyewe ni chumba kirefu chenye madirisha sita ya kioo, na mbele ya kila dirisha watu wamekaa wamepakata mafaili kama wagonjwa walioshika vyeti vyao. Mambo yako yanashughulikiwa dirisha namba nne. Anayekaa hapo ni dada mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa uzi. Ana adabu, na amechoka.

Nilimwambia kwamba huna cheti cha chuo. Akasema, "Kama hana cheti, andika uzoefu. Awe na miaka kumi ya kazi inayothibitika. Uzoefu ndio utakaombeba."

Baba, niliposikia hivyo moyo ulitulia. Wanataka kumi, wewe unayo thelathini na moja. Fomu nimeisoma mara sita na nimeielewa hadi maandishi madogo ya chini, au nadhani nimeyaelewa. Naomba uniandikie orodha ya kila ulichowahi kujenga. Usiseme hukumbuki. Wewe hukumbuki siku yangu ya kuzaliwa, lakini unakumbuka msingi wa duka la kona ulikuwa na kina gani.

Mwanao


29 Januari

Mwanangu,

Habari za huko? Za hapa ni mvua tu. Juu ya kuta nimefunika mifuko mitupu ya saruji na kuiwekea mawe, maana tofali la juu likinywa maji wiki nzima halishiki tena vizuri. Karatasi nyekundu nayo nimeifunika. Mama yako alicheka sana. Alisema mtu anamkinga mvua hata anayemfukuza.

Orodha hiyo hapo, imeandikwa nyuma ya kalenda ya mwaka juzi. Mimi nilitaja, mama yako akaandika, na pale tulipobishana yeye ndiye alikuwa sahihi. Yametimia arobaini na moja. Namba saba ni choo cha shule, matundu sita. Kimesimama miaka ishirini na nne na hakijapata ufa, na hakuna mtu aliyewahi kunishukuru kwa ajili ya choo. Namba kumi na tisa ni nyumba ya mshonaji, ile iliyohamishwa dirisha mara mbili kwa sababu mama mkwe hakutaka kuonekana akilala. Namba thelathini ni ghala. Sipendi kulitaja, ukuta wa nyuma umepinda kidogo, lakini mama yako alisema kama ni orodha iwe orodha.

Ila nikuombe jambo moja. Haya yote nimekupa wewe, sikuyatoa kwa ajili ya fomu. Kwenye fomu andika: fundi mwashi, miaka thelathini na moja. Taja jengo moja au mawili, uishie hapo. Karatasi ni kama plasta, ukiipaka nene sana inadondoka kwa uzito wake mwenyewe.

Baba yako


10 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mvua imepungua na kuta ni salama. Mimi sijambo, niko kama mtu aliyetua mzigo.

Maombi yako nimeyapeleka leo asubuhi. Najua uliniambia niandike kwa ufupi. Usinikasirikie. Sehemu ya uzoefu ina mistari mitatu, Baba. Mistari mitatu ya kuweka miaka thelathini na moja. Niliitazama nikaona hasira inanipanda, kwa sababu nakumbuka ulivyokuwa unarudi nyumbani na vidole vilivyochubuliwa na saruji hadi huwezi kushika kijiko, na mimi nakuonyesha daftari langu, na wewe unalipindua kwa kiwiko ili usilichafue. Nikachukua karatasi nyeupe, nikaandika kurasa nne. Yote arobaini na moja yamo, kila moja na mwaka wake na vipimo vyake. Hata ghala.

Mwishoni niliweka sentensi hii: "Majengo yote haya mwombaji aliyasimamia mwenyewe, kutoka msingi hadi paa, bila kuwa chini ya mtu yeyote." Niliiandika mara nne mpaka ikakaa sawa. Nadhani ni sentensi bora kuliko zote nilizoandika tangu nilipomaliza chuo.

Dada wa dirisha namba nne alisoma kurasa zote nikiwa nimesimama pale. Kisha akavua miwani, akaniangalia. "Hii umeandika wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Umesoma." Nikasema ndiyo, baba yangu ndiye aliyenisomesha. Akagonga muhuri wa kupokea.

Majibu yatakuja kwa anwani yangu baada ya wiki mbili.

Mwanao


4 Machi

Mwanangu,

Hujambo lakini? Lori limekuja mara mbili halina barua. Dereva anasema hukumletea kitu. Nikamwambia atafute vizuri chini ya kiti, akatafuta, akanipa ndizi iliyooza.

Hapa tu wazima. Kipimo alikuja kunitembelea. Unamkumbuka Kipimo, alikuwa akinishikia kamba wewe ukiwa shule ya msingi, tukampa jina hilo kwa sababu alikuwa anapima hata chakula chake. Sasa ana leseni, ana gari, ana kibao chenye namba. Alikaa kwenye kigoda cha mguu wa mama yako, akasema, "Mzee, wodi ile wakiniita mimi nitakuja, lakini nitakuja kwa aibu. Utafanya kazi chini yangu, na mimi sitakuagiza kitu." Nikamwambia asante, binti yangu analishughulikia. Akasema, "Basi limekwisha, yule alikuwa anasoma hata gazeti la kufungia misumari."

Wiki mbili za Bodi zimepita. Najua maofisi yana mwendo wao. Nijulishe tu.

Baba yako


23 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Lori limekuja tena.

Kama unaumwa sema. Kama wamekataa sema. Mama yako amefikia kusema huenda umeolewa kimya kimya, na bado anakusalimia.

Mwenyekiti wa kamati aliniuliza jana tulipo. Nikamjibu tuko kwenye linta.

Baba


2 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Siumwi. Sijaolewa. Naomba msamaha kabla sijasema kitu kingine, na hata baada ya kusema bado nitakuwa naomba.

Majibu yalikuja tarehe ishirini na mbili Februari. Nimekaa nayo siku zote hizi ndani ya kamusi. Kila lori lilipokuwa linapakia nilikuwa naandika barua, halafu naichana. Nilikuwa najiambia nitapata njia kwanza, ndipo nikueleze habari na njia yake pamoja. Nimekwenda dirisha namba nne mara kumi na moja. Sasa walinzi wananipungia mkono.

Baba, wamesema hivi. Kusimamia jengo bila leseni ni kosa. Wewe hujapata kuwa na leseni. Kwa hiyo majengo arobaini na moja ni makosa arobaini na moja, na waliowapa orodha, yenye miaka na vipimo, ni sisi. Yale maandishi madogo niliyodhani nimeyaelewa yalikuwa yanasema uzoefu unaohesabika ni ule wa kufanya kazi chini ya mwenye leseni. Kama ningeandika fundi mwashi, miaka thelathini na moja, kama ulivyoniambia, wangekuita kwenye usaili, na dada yule anasema wengi wa namna yako hupita. Ile sentensi yangu ya mwisho wameipigia mstari kwa wino mwekundu. Hawakupigia mstari kitu kingine.

Nilimwambia anipe nafasi niirekebishe. Akasema, "Mdogo wangu, ukiurekebisha ukweli utakuwa umeandika uongo mara ngapi?" Hakusema kwa ubaya.

Njia wanayotoa ni moja. Ndani ya bahasha hii kuna tamko, na ule ukurasa wa mwisho wa orodha, ambao lazima urudishwe pamoja nalo. Ukilitia sahihi tamko, utakuwa umesema kwamba kwenye majengo hayo yote hukuwa msimamizi wala mjenzi mkuu, ulikuwa kibarua tu chini ya wengine. Hapo makosa yanafutwa. Uzoefu nao unafutwa. Leseni hutapata, lakini utaruhusiwa kufanya kazi chini ya Kipimo, na baada ya miaka mitano unaweza kuomba upya. Usipotia sahihi, faili linakwenda mahakamani na unazuiwa kukanyaga eneo lolote la ujenzi. Mwisho ni tarehe thelathini.

Nimelipitia kila upande. Naomba utie sahihi.

Mwanao


12 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Kwanza kula. Dereva anasema umekonda, na yule hana kawaida ya kuangalia watu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha mama yako akanisomea kwa sauti karibu na sikio zuri. Baadaye akasema, "Mtoto amekaa na jambo hili mwezi mzima peke yake." Hilo ndilo lililomuuma. Mimi pia.

Usijilaumu kwa kuandika kweli. Kwa kutokusikia, hapo nitakulaumu kidogo, kwa sababu mimi ndiye kiziwi katika familia hii na si wewe.

Kamati hawakungoja mwisho wa Aprili, wamekwisha kumwita Kipimo. Jana walimwaga linta. Nilisimama upande wa pili wa barabara. Wamefanya vizuri, ila waliondoa mifuko yangu yote wakaichoma.

Nina swali moja kuhusu tamko. Nikitia sahihi kwamba si mimi, hayo majengo yatakuwa yamejengwa na nani?

Baba yako


18 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nakula.

Swali lako nililipeleka dirisha namba nne kama lilivyo. Dada alivaa miwani, akapitia tamko mbele na nyuma. Akasema fomu haina nafasi ya swali hilo. Nikamuuliza yeye mwenyewe anaonaje. Akasema nyumba ya baba yake ilijengwa na mtu waliyemwita Fundi tu, hakuwahi kumjua jina, na kila mvua ikinyesha anamkumbuka. Kisha akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Baba, hakuna mtu atakayeyabomoa. Choo cha shule kitabaki. Watu watapita mbele ya nyumba ya mshonaji na kusema ni kazi yako, tamko liwe limetiwa sahihi au halijatiwa. Ni karatasi inayokwenda kulala kabatini. Mimi niliyekuingiza humu kwa karatasi nakusihi utoke kwa karatasi.

Tia sahihi tu.

Mwanao


26 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo sote, mguu pia.

Tangu barua yako ya mwisho ifike, karatasi zako zimekaa mezani siku nne. Mama yako alisema, "Sahihi tu, mbona ya saruji unatia kila siku bila kusoma." Nikanawa mikono, nikachukua kalamu. Nilipofika kwenye neno kibarua kalamu ikasimama. Kibarua si tusi. Nimekuwa kibarua miaka sita, ndoo ya zege naujua uzito wake. Lakini choo cha shule nilikisimamia mimi, na ghala lile lililopinda nililipinda mimi.

Nikasema ngoja nisome huo ukurasa wa orodha. Nimejenga maisha yangu yote, mwanangu, na kila nikimaliza jengo nafungua kamba zangu naondoka. Siku ile ya kalenda nilitaja tu, sikusoma; sikuwahi kuyaona yamepangwa pamoja, hata haya ya ukurasa mmoja. Nikamwita mama yako. Tulisoma kama watu wanaoangalia picha za harusi.

Tamko sikulitia sahihi. Ninalirudisha lilivyo. Najua maana yake. Nimekwishampa Kipimo timazi yangu, kwa sababu timazi ikikaa bure uzi wake unaoza. Mwiko nimebaki nao, mama yako anautumia kwenye bustani.

Ukurasa wa orodha nao naurudisha. Umesahau moja. Hata mama yako alilisahau siku ile, na mimi pia, labda kwa sababu tunalala karibu nalo. Nimeliongeza chini kwa mkono wangu, utanisamehe hati mbaya:

42. Chumba cha kusomea cha binti. Futi nane kwa saba, dirisha upande wa asubuhi. Nilisimamia mwenyewe.

Upeleke dirisha namba nne. Usilie mbele yao, watafikiri tunaomba.

Baba yako


30 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo.

Nilifika Bodi kabla hawajafungua. Nilikaa kwenye benchi la korido nikiwa na karatasi zako mbili, orodha kwenye paja moja na tamko kwenye jingine. Sahihi yako naijua. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, nikiwa darasa la tano, kwenye meza ya chumba kile, ulipochoka kuweka dole gumba. Ile herufi ya kwanza bado unaianzia chini kwenda juu kwa sababu nilikosea kukuelekeza. Kalamu ilikuwa mkononi. Hakuna ambaye angejua, hata wewe ungejua baada ya kuwa umekwisha kusalimika.

Kisha nikasoma tena namba arobaini na mbili.

Tamko nililipeleka tupu. Dada alilipindua, akatafuta sahihi, hakuiona. Akasema, "Una uhakika?" Nikamwambia sina, lakini baba yangu anao. Akasoma uliloliongeza chini. Akarudia kulisoma, foleni ikaanza kulalamika nyuma yangu.

Akachukua muhuri. Ukurasa ulikuwa umejaa hadi mwisho, akazungusha mkono akitafuta nafasi, hakuna. Akagonga hapo hapo chini, juu ya maandishi yako. Imepokelewa. Wino ulikuwa mwingi. Dirisha la asubuhi halisomeki tena.

Nilimwomba nakala ya ukurasa ule. Akasema hawatoi nakala.

Mwanao